Karata za Bi Mashavu

Hapo zamani, si za mababu bali za juzi tu, kompyuta zikiwa bado zinafunikwa kitambaa, palikuwa na ofisi ya mto mjini Kilangwi. Ofisi hiyo ilikuwa na vipimo elfu tisa vya kina cha maji, kimoja kwa kila siku. Mkuu wa ofisi akatoa swali.

"Chagueni siku. Rukeni mnazotaka, ila msibadili mfuatano. Kila siku mnayochagua, maji yawe juu kuliko mliyochagua kabla yake. Mnyororo mrefu kuliko yote una siku ngapi? Atakayeleta jibu kabla ya Ijumaa nitampeleka masomoni miaka miwili. Nafasi ni moja."

Lukindo, mwandishi wa programu, akaiamuru kompyuta ijaribu kila namna. Jumatatu ikajaribu. Jumanne ikajaribu. Jumatano ikajaribu. Akachoka, akavipanga vipimo upya kuanzia kidogo hadi kikubwa.

"Kaka, umeharibu," akacheka Nyamizi, aliyekagua kazi zake. "Sasa Jumapili yako imekuja kabla ya Ijumaa."

Bi Mashavu, mpika chai, alikuwa akicheza karata pembeni.

"Nisomeeni hivyo vipimo, wanangu. Kila kipimo kiwe karata. Karata ikija, naiweka kwenye fungu la kwanza kutoka kushoto ambalo karata yake ya juu si ndogo kuliko hii. Nikikosa fungu, nafungua jipya kulia."

Wakamsomea vitano vya kwanza: tatu, tano, mbili, nne, sita. Tatu ikafungua fungu. Tano ikafungua la pili. Mbili ikakaa juu ya tatu, nne juu ya tano. Sita ikafungua la tatu.

"Mafungu matatu, mnyororo wa siku tatu: tatu, tano, sita. Na hakuna karata niliyoishika mara mbili."

Lukindo akaiandikia kompyuta hivyo hivyo. Chai haijapoa, jibu likatoka: mia mbili na kumi na nne.

Nyamizi hakuridhika. Akaipa programu vipimo vitatu tu: nne, nne, nne. Ikajibu tatu.

"Maji yamesimama, wewe unasema yamepanda?" Akausahihisha mstari mmoja. Jibu likawa mia moja themanini na tisa.

Ijumaa mkuu akabandika jina ukutani: Lukindo.

Bi Mashavu akatua sinia. Aliwahi kufaulu darasa la saba, nafasi yake ya sekondari akapewa mwingine. Siku ile alinyamaza. Leo hakunyamaza.

"Mkuu, huyu alikwama siku tatu. Nani alimkwamua?"

"Mama, nakuheshimu," akasema Lukindo, "lakini vipimo elfu tisa ungevipanga kwenye meza gani?"

"Nanyi wawili mngempa mkuu siku ishirini na tano za uongo," akadakia Nyamizi. "Jibu la uongo nalo ni jibu?"

"Uongo si wangu! Nilisema 'si ndogo'. Zinazolingana hukaa fungu moja. Yeye ndiye hakusikiliza."

"Basi, basi," akasema mkuu. "Bi Mashavu, tuletee chai kwanza."

"Chai iko jikoni. Miguu unayo."

Mkuu akalibandua lile jina, akachukua karatasi nyingine, akashika kalamu.

Nami nawapa ninyi kalamu hiyo. Mmoja aliiona njia. Mmoja alivipitisha humo vipimo elfu tisa. Mmoja aliziba shimo lililokuwa njiani. Nafasi ni moja, na karatasi bado tupu. Je, mngeandika jina la nani?