Nyumba Iliyonunuliwa kwa Ndoto

Mmekula, mmeshiba, mmenyoosha miguu, sasa mnataka kisa. Anayetaka kununua nyumba ya kando ya barabara ni mmoja wenu, vumbi litaingia mlangoni kwake, lakini wa kusumbuliwa kwa ushauri ni mimi. Haya, nitakiandika mara moja tu. Asiyeelewa asinirudie.

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi kavu, uliopasuliwa katikati na njia kuu ya misafara, aliishi mwanamke mchamungu akiitwa Bi Lubaba. Mumewe, Nuumani, alikuwa fundi wa kushona matandiko ya ngamia. Pamoja nao aliishi baba yake Bi Lubaba, Mzee Hudhaifa, aliyekuwa kipofu. Kila adhana ilipoita, mzee huyu alitoka peke yake, akapapasa ukuta wa kichochoro mpaka msikitini, akaswali, akarudi vilevile. Hakuwa na kitu kingine cha kwake duniani ila safari ile ya ukutani.

Ikawa wenye nyumba waliyopanga wanaitaka irudi kwao, na Bi Lubaba ana mali aliyorithi kwa mama yake. Ikapatikana nyumba nzuri, ina ua na kisima, lakini mlango wake ulifungukia papo hapo kwenye njia ya misafara, na msikiti uko ng'ambo ya njia hiyo. Tangu kupambazuka hadi jua kuchwa ngamia walipita mfululizo, kengele zikilia, vumbi likielea na rangi ya asali, hata mtu akisimama kizingitini akatazama kwa muda, huona kama wao wamesimama na nyumba ndiyo inayosafiri.

Nuumani aliipenda pale pale. Kila mwenye ngamia aliyechanikiwa na tandiko angemwangukia mlangoni. Mtu kuitaka riziki si dhambi. Lakini Bi Lubaba alimfikiria baba yake, akasita. Akasema wataswali istikhara, ile sala ya kumwomba Mola amchagulie mja lililo la heri, kila mtu na yake, kisha wailalie kama ilivyokuwa desturi ya mji ule, na atakachoonyeshwa mmoja amwambie mwenzake. Wanazuoni walikuwa wakiwaambia kwamba istikhara si lazima ije na ndoto. Watu wa mji ule hawakutaka hata kuyasikia hayo.

Bi Lubaba aliomba mchana, akajilaza penye kivuli. Usingizini akaiona njia imekuwa maji yaendayo polepole, ngamia wanaelea juu yake wamefumba macho, na kengele zao zinatikisika bila sauti. Akaamka asijue kama ameambiwa ndiyo au la.

Nuumani naye aliomba, akalala kama gogo, asione chochote. Hapo ndipo alipoharibu. Kwa kuogopa nyumba isimponyoke, akamwambia mkewe kwamba amemwota mama yake Bi Lubaba, marehemu yule, amevaa nguo nyeupe, amesimama kwenye mlango wa nyumba ile, anatabasamu na kuwaashiria waingie.

Bi Lubaba alilia mpaka mtandio ukalowa. Nyumba ikanunuliwa siku ile ile. Muuzaji akaondoka na msafara, na alikokwenda hakuna aliyekujua.

Sasa mtazameni Mzee Hudhaifa. Adhana ikiita, alivaa kilemba, akavaa viatu, akafika kizingitini. Pale alisimama kusikiliza nyayo zile laini zisizokuwa na mwanzo wala mwisho. Ukuta wa kupapasa haukuwapo. Binti yake alimpa mkono akaukataa, hakutaka akanyagwe kwa ajili yake. Nuumani alikuwa na wateja. Siku moja mzee akajitosa, na mzigo wa kuni uliobebwa na ngamia ukampiga bega akaanguka. Mswaga ngamia akamwambia kama anatafuta kufa akafie kwao. Tangu hapo akawa akiisikia adhana anavaa, anasimama mlangoni, kisha anarudi kuvua. Hakunung'unika. Alisubiri tu, kama wasubirivyo waja wema.

Bi Lubaba, akitaka kumliwaza, akamweleza habari ya ndoto. Uso wa mzee ukafunguka. Akajikokota hadi alipoketi mkwewe na shazia lake, ile sindano nene ya kushonea ngozi, akaomba asimuliwe. Nuumani akasimulia. Kesho yake akaomba tena, na kesho kutwa. Je, alivaa ushungi? Alikuwa mzee, au kama alivyokuwa msichana? Alisimama upande gani wa mlango? Nuumani akaongeza ushungi, akaongeza bangili, akaongeza harufu ya udi. Kila akimaliza, mzee huenda upande ule wa mlango alioambiwa, akaupapasa ubao wake kwa kiganja, na kubaki pale huku misafara inapita na vumbi linamtua mabegani.

Alasiri moja akauliza kwa sauti ndogo:

"Alinitaja, mwanangu?"

Jibu lilikuwa jepesi. Neno moja, na mzee angelala nalo mpaka kaburini. Nuumani alifungua kinywa kulisema, akauona ule mkono juu ya ubao, umetulia, unangoja. Shazia likamtoka.

"Baba, sikumwona. Sikuota kitu. Niliitaka nyumba."

Mzee aliuondoa mkono wake ubaoni.

"Basi hakunitaja."

"Hakukutaja, baba."

Bi Lubaba alikuwa nyuma ya pazia, ameyasikia yote. Akatoka.

"Mama yangu yuko kaburini, nawe umemfanya dalali wako wa nyumba," akasema, na baada ya hapo hakumsemesha kwa siku nyingi.

Nuumani akaomba radhi, akasema yuko tayari kuiuza nyumba hata kwa hasara. Mzee akakataa. Akasema nyumba haijamkosea mtu.

"Utanipa mkono wako kila adhana, univushe. Na tukiwa njiani uniambie kilichopo. Kilichopo, mwanangu. Usiniongezee."

Enyi mnaosoma, nyumba ya kando ya njia si mbaya wala si njema. Mwombeni Mola wenu, kisha mtazameni aliye mnyonge kuliko wote nyumbani, mwone atatokaje mlangoni. Na aliyeomba akanyamaziwa aseme amenyamaziwa. Kimya cha Mola kina adabu yake, hakijazwi maneno ya kutunga.

Ama Nuumani, alilipa. Mzee Hudhaifa alijaliwa umri mrefu, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu mno. Kila adhana fundi aliliacha tandiko, bei haijaafikiwa, akamshika mkono mkwewe. Wateja wakachoka kungoja, wakahamia kwa fundi mwingine. Naye akawa anaonekana katikati ya njia, miaka nenda miaka rudi, akisema polepole ndani ya vumbi: ngamia mweupe, amebeba chumvi. Mwingine nyuma yake, hana mzigo. Hapa hakuna mtu, baba. Na hapa pia hakuna mtu.