Jumbe Mia Tatu na Kumi na Nne za Mfuga Nyuki

Wapendwa, simu zenu ziacheni mifukoni kidogo, maana mfano wa leo wenyewe unatoka ndani ya simu.

Kulikuwa na mama mmoja mfuga nyuki, huko kwenye mashamba ya alizeti. Yeye na wenzake walikuwa na chama, na chama kilikuwa na tovuti ambapo wanachama waliandikiana: nani ana asali, nani nyuki wake wamehama. Mwaka mmoja nyuki wakafa kijiji kizima, isipokuwa wa mama huyu. Mnajua binadamu tulivyo. Wakasema kawaua yeye, abaki kuvuna peke yake. Tovuti ikawaka moto. Mama wa watu akaizima simu, akaendelea na mizinga yake huku akilia.

Miezi miwili baadaye afisa nyuki akaja, akapima, akakuta waliowaua nyuki ni wanachama wenyewe, kwa dawa waliyopulizia alizeti. Mizinga ya mama ilikuwa mbali na mashamba, basi. Chama kikamwomba radhi, kikamwita arudi. Alipofungua tovuti akakuta jumbe mia tatu na kumi na nne hajazisoma, zote zinamtaja yeye. Na jina la juu kabisa lilikuwa la jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu ambaye mama alimwachia watoto kila alipokwenda mnadani.

Mumewe akamshauri asome moja moja, amjue kila mtu. Naye alitaka kusoma! Ningekuwa mimi, ningesoma mpaka macho yaume. Wewe je, ungeacha? Lakini alijua kwamba akishayaona maneno ya jirani yule, watapishana mlangoni kama wageni mpaka wazikane.

Sasa, huyu mama alikuwa anaijua kazi yake. Nyuki akikuchoma, mwiba wake unaacha harufu, na harufu ile inawaita wengine waje kukuchoma palepale. Kwa hiyo mfuga nyuki hakai akakagua alipochomwa. Anaukwangua mwiba, anapuliza moshi juu yake, anaendelea na kazi. Na tovuti ile ilikuwa imewekewa kitufe kipya: unachagua jumbe zote, unabonyeza mara moja, zinahesabika zimesomwa.

Akamwambia mumewe, "Baba Siwema, nimeshachomwa mara moja. Sitaki kuwaita wengine."

Akabonyeza, na ile namba nyekundu ikapotea.

Upande wa pili wa ukuta, jirani naye alikuwa ameshika simu. Akaona chini ya maneno yake pameandikwa: umesomwa. Siku nzima hakutoka nje. Jioni akasikia hodi, akafungua mlango akijua leo ni leo. Alikuwa mama yule, amebeba mzinga uliofungwa kitambaa mdomoni, nyuki wanavuma ndani.

"Mizinga yako imebaki mitupu, mdogo wangu. Nimekugawia kundi moja uanze nalo."

Jirani akashindwa hata kumkaribisha. "Dada, umeyasoma yale niliyoandika, na bado unaniletea nyuki?"

"Sikuyasoma. Nilibonyeza tu. Na wewe usinisomee."

Jirani akalia pale mlangoni kama mtoto. Wakaubeba mzinga wote wawili, wakauweka uani.

Mimi mama huyu nampenda, nawaambia ukweli. Nikimfikiria naona haya. Lakini msiondoke bado. Yeye aliweza kwa sababu hakusoma. Angesoma, sijui. Labda mzinga usingevuka ukuta.

Sasa tuseme habari zetu sisi. Mungu wetu hakuruka hata ujumbe mmoja. Amesoma yote, mstari kwa mstari, na yale tuliyoandika tukafuta kabla ya kutuma ameyasoma pia. Anajua uliloandika juu yake siku ile ulipomzika mwanao. Anajua ulilomwandikia mama mkwe. Amesoma mpaka mwisho, kisha akabeba mzinga, akaja kubisha hodi mlangoni kwako.

Na wewe uliyebishiwa hodi hivyo, mbona bado umekaa unasoma ya ndugu yako? Ukitoka hapa usianze kumsimulia mtu mfano huu. Tafuta cha kubeba, kisha nenda ukabishe hodi.