Kiko cha Mgeni Mwenye Viatu

Semeni "tupo", maana nikiisimulia hii peke yangu miguu hunikimbia. Nimezunguka nchi tisa, na woga wangu nimeubeba kote.

Alikuwepo Shekuwe, fundi seremala. Siku moja akaokota kiko cha mpingo, kikongwe, kimejaa masizi. Akaanza kukisugua kwa majani ya msasa ili kiwe kama kipya.

Akasugua mara ya kwanza. Kwa mbali sauti ikasema, "Hodi."

Muungwana haachi hodi bila jibu. Akaitikia, "Karibu."

Akasugua mara ya pili. "Hodi," sasa uani. "Karibu."

Akasugua mara ya tatu, mpingo ukang'aa. "Hodi," mlangoni kabisa. Ulimi wa Shekuwe ukajibu kabla yake: "Karibu."

Aliyebisha alikuwa zimwi; likainama mlangoni, likachungulia. "Umenisafishia kiko, fundi. Sasa nataka cha kuvuta. Nitavuta pumzi yako mpaka iishe."

Shekuwe akalowa suruali. Msimcheke, mimi ningelowa kwenye hodi ya kwanza.

Mkewe, Mwanashehe, akatoka jikoni. "Karibu, shemeji. Ila humu tunakaa mkekani. Vua viatu kwanza."

Zimwi likatazama viatu vyake. Ndani mlikuwa na kwato, na zimwi hufa kwa aibu kwato zake zikionekana. Likanyakua kiko, likarudi kinyumenyume, likaenda kutafuta nyumba wasikojali viatu.

Yameisha, mkalale. Ila wewe ndugu uliyekaa mlangoni na kiko chako, mbona peke yako hujavua viatu?