Sultani Mahfudhi na Kete za Nyuma

Hapo zamani, enzi ambazo mtu alivaa kilemba akajiita sheria, alikuwako Sultani Mahfudhi, na katika mji huohuo alikuwako Feruzi, fukara asiye na mbele wala nyuma, mali yake ulimi tu. Ikawa Sultani akakitamani kiwanja cha Bi Mwanajumbe, mjane aliyekuwa akimpa Feruzi chakula kila jioni, akataka kujenga hapo banda la farasi. Basi asubuhi akatoa amri kwamba kila kiwanja kinachopakana na jumba lake ni chake, adhuhuri akamshitaki mjane, alasiri akaketi mwenyewe katika kiti cha kadhi akamhukumu ahame. Kadhi wa haki, Shehe Badi, alikaa pembeni akichezea tasbihi. Ndiyo mambo ya wakubwa hayo.

Bi Mwanajumbe akalia, maana mumewe na wanawe walizikwa palepale uani. Feruzi uchungu ukampanda, akasema mbele ya baraza kwamba mwenye kesi hawi kadhi. Watu wakainamisha vichwa. Walikwisha kumhesabu maiti.

Sultani akasema, "Feruzi, katika nchi hii mimi simtii yeyote. Kesho niletee ninayemtii, na kiwanja kitabaki kwa mjane. Ukishindwa, yeye atahama, na kichwa chako nacho kitahama."

"Lebeka, Maulana," akajibu Feruzi.

Siku ya pili akaja barazani na bao la kuazima kwapani. Watu wakanong'ona kwamba huyu ana wazimu, shingo i mashakani naye aleta mchezo. Akaomba acheze na Sultani mara moja tu kabla ya kufa. Na Sultani kwa kupenda bao alikuwa hajiwezi, angeacha hata pilau ipoe. Akakubali.

Wakacheza, na Sultani akazila kete za Feruzi mpaka zikabaki za kuhesabika. Hapo Feruzi akanyoosha mkono akachota kete za safu ya nyuma ya Sultani, safu ambayo hata mtoto ajua hailiwi, akazimwaga upande wake.

Sultani akamshika mkono. "We! Kete za nyuma haziliwi."

Feruzi akamjibu kwa upole kwamba zaliwa tangu sasa hivi, ametunga sheria. Sultani akataka mwamuzi. Feruzi akasema mwamuzi ni yeye mwenyewe, kesi ameshaisikiliza, na Sultani kashindwa. Akachota tena.

"Huwezi ukawa mchezaji, ukawa mtunga sheria, na ukawa mwamuzi pia!" Sultani akafoka, kilemba kikamwendea upande. "Sheria ya bao ilikuwako kabla yako na kabla yangu, na kila aketiye hapa anaitii, hata mimi."

Feruzi akazirudisha kete mahali pake.

"Maulana, uliniagiza nikuletee unayemtii. Umemtaja mwenyewe."

Sultani akataka kukasirika, kicheko kikamtangulia, akacheka hata machozi yakamtoka. Kisha akainuka katika kile kiti cha kadhi, akamwita Shehe Badi akae, naye akashuka kusimama kando ya Bi Mwanajumbe.

Shehe Badi akakohoa, akamwuliza mdai ana ushahidi gani.

"Sina, ila amri yangu," akasema Sultani.

"Amri ya mdai si ushahidi," akasema Shehe Badi. "Kiwanja ni cha mjane."

Sultani akalitengeneza joho lake, akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, na nimetii."