Mama Aliyekwenda Kukanyaga Udongo

Jongeeni, wajukuu zangu, jongeeni mpaka nione meno yenu. Hapo kale, kale yenyewe ile, babu wa babu yangu hajaota hata jino, na milima ya Upare ikiwa bado inagombana ni upi uwe mrefu kuliko mwenzake, palikuwa na kijiji kikiitwa Kiringo. Mimi sikuwepo. Aliyekuwepo alimwambia asiyekuwepo, huyo akaniambia mimi, na leo nawaambia ninyi.

Basi Kiringo palikuwa na mwanamke jina lake Nakiete, mke wa Kajiru. Nakiete alizaa watoto watatu. Wa kwanza homa ilimchukua hajatambaa. Wa pili homa ilimchukua akianza kusema mama. Alipozaliwa wa tatu, mtoto wa kike, Nakiete akamwita Namkunda, akafunga mlango.

Mlango ule ulifungwa miaka saba. Msicheke, ni miaka saba kweli. Namkunda akinyanyua tu shingo, mama yake anaanza:

"Nje kuna jua, litakuchoma. Nje kuna umande, utakukohoza. Nje kuna mawe, yatakuangusha. Kaa hapa nikuone."

Mtoto anakaa. Anakaa na mafiga, anakaa na vyungu, anakaa na mbuzi aliyefungwa pembeni. Moshi wa jikoni ukipanda hutafuta pa kutokea, na usipopaona unaingia kifuani mwa mtoto. Kho, kho, asubuhi. Kho, kho, jioni. Mama anamkorogea maziwa na asali, anamchemshia mchuzi wa jogoo, anambembeleza kwa ugali laini wa mtama. Mtoto anakula matonge mawili, la tatu analitazama tu. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mwiko, na akisimama kidogo, magoti yanaanza kutafutana.

"Mke wangu," Kajiru alisema siku moja, kwa sauti ya chini kama anavyosema mtu anayekijua kitakachofuata, "hata mbegu ukiificha chunguni haioti."

"Mbegu ziko nyingi," Nakiete alimjibu. "Mimi nina huyu mmoja."

Kajiru akachukua jembe lake, akaenda shambani. Wewe ungesema nini?

Sasa ile nyumba ilikuwa na tundu. Ukutani, karibu kabisa na sakafu, udongo ulibanduka, pakawa na nafasi ya kupitisha yai la kuku. Namkunda alikuwa akilala kifudifudi na kuchungulia. Hakuona nyuso. Aliona miguu tu. Aliona miguu ya watoto wa Kiringo ikishuka mbio na magome ya migomba ya kutelezea mteremkoni, kisha akaiona ikipanda tena, ina matope, ina mikwaruzo, ina nyasi katikati ya vidole. Akaijua yote, kwa majina aliyosikia wakiitana. Mguu wenye kidole gumba kilichopinda alikuwa Mbonea, binti wa jirani. Wenye kovu kisiginoni alikuwa Kiondo. Hakupata kumwona hata mmoja wao machoni.

Hivyo ndivyo walivyoishi, mpaka ndiva ikapasuka.

Ndiva mnaijua? Ni bwawa. Wazee walikinga kijito kwa ukuta wa mawe na udongo, maji yakalala humo, kisha kila nyumba ikapewa zamu ya kuyapeleka shambani kwake kwa mfereji. Bila ndiva hakuna kunde, hakuna mtama, hakuna Kiringo. Mwaka ule, jua likiwa kali, ukuta ulifanya ufa, na maji yakaanza kujiondokea polepole kama mgeni asiyeaga.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Mzee Sengondo, mtu mrefu, mwenye maneno machache. Akapita nyumba hadi nyumba. Wanaume watabeba mawe. Wanawake watabeba udongo wa mfinyanzi. Na watoto watakanyaga, maana udongo wa ndiva haushiki mpaka ukanyagwe na miguu midogo, mingi, kwa siku saba. Miguu mizito hutoboa, miguu midogo hushindilia. Kila nyumba yenye mtoto itoe jozi moja ya miguu. Nyumba isiyotoa haina zamu ya maji.

Alipofika kwa Nakiete alisimama mlangoni.

"Mama Namkunda, nyumba hii ina jozi moja."

"Shikamoo, baba. Jozi hiyo haiwezi. Huyu mtoto hana nguvu."

"Marahaba. Namwona. Lakini sheria haitazami nguvu, inahesabu miguu."

"Basi nitakuja mimi."

Mzee Sengondo alimtazama kuanzia kichwani mpaka unyayoni. Kwa hofu ya miaka saba Nakiete alikuwa amekonda akawa kama mchirizi wa maji.

"Sheria haikutaja umri," mzee akasema. "Na kwa wembamba huo hutatoboa kitu. Njoo kesho."

Kesho yake Nakiete akamwacha mtoto na baba yake, ambaye zamu yake ya mawe ilikuwa ya mchana, akaenda. Hebu mwoneni. Watoto thelathini, kila mmoja ameshika kiuno cha mwenzake, na katikati yao mama mzima, kaniki ameikunja mpaka magotini, anaweka unyayo kwenye udongo kama anayekanyaga makaa. Watoto wanaimba:

Kanyaga, kanyaga,
maji yasituhame.
Kanyaga, kanyaga,
kunde zisitununie.

Nakiete hakuimba. Alikuwa akiangalia mawe, akiangalia jua, akihesabu ni watoto wangapi watakaoanguka leo.

"Mama Namkunda," Kiondo alimwambia kwa adabu, "samahani, lakini unakanyaga kama kuku mgeni. Mguu wote, mama. Ushuke na kisigino."

Nakiete akashusha mguu wote. Ukashuka kweli, ukashuka na mwenyewe. Alikaa kwenye udongo kwa kishindo, matope yakamruka mpaka kwenye nyusi.

Wimbo ukakatika. Watoto thelathini wakauma midomo. Mnajua ilivyo kuzuia kicheko mbele ya mkubwa? Mashavu yalivimba, machozi yakawatoka. Nao wakasikia sauti, kwii, kwii, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Ilikuwa ni Nakiete. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, na Mbonea akampa mkono akamwinua.

Kuanzia hapo hakuhesabu tena. Alishika kiuno cha Kiondo, akakanyaga, akaimba. Kazi ya siku ile ilipokwisha, watoto wakapanda mteremko na magome yao ya migomba, wakamwuliza kama anaogopa.

"Ninaogopa," akasema.

"Sisi pia," Mbonea akamjibu. "Keti, unyanyue miguu."

Nakiete akateleza. Wajukuu zangu, mwanamke yule aliteleza mara nne. Mara ya nne alishuka kinyumenyume.

Alirudi nyumbani jua lingali juu. Njaa iliyomshika haikuwa ya kawaida. Alikula ugali wake, akala uliobaki, akakwangua chungu. Kisha akajinyoosha kwenye mkeka, na bila kuamka hata mara moja kusikiliza kama mtoto anapumua, akalala mpaka majogoo walipomaliza kuwika.

Alipofumbua macho, Namkunda alikuwa ameketi kando yake akimtazama.

"Mama, huko nje walikupa dawa gani?"

Nakiete akapangusa tope lililokaukia kwenye nyusi.

"Jana niliona miguu inapita na ya kina Mbonea," mtoto akaendelea. "Ina matope, inarukaruka. Sikuijua. Nikasema, leo kuna mtoto mgeni. Halafu ikaingia humu ndani, kumbe ni wewe."

Nakiete akainuka akakaa. Kinywa kikajifungukia chenyewe, maana mazoea yana taabu. "Nje kuna jua..." Akasita. "Nje kuna umande..." Akasita tena. Alitazama miguu ya mwanawe, ile ya mwiko, iliyokuwa safi, safi kabisa, unyayo laini kama wa mtoto wa juzi. Na hofu haikuondoka, msidhani iliondoka. Aliinuka nayo, akamshika mtoto mkono, akafungua mlango.

Siku ile Namkunda alifika mgomba wa kwanza, hatua ishirini kutoka mlangoni, magoti yakakataa. Akaketi chini, akachimba udongo kwa kidole mpaka akamtoa nyungunyungu. Akamtazama nyungunyungu asubuhi nzima. Kesho yake alifika mgomba wa tatu, akajikwaa, akaanguka, goti likatoka damu. Nakiete aliruka kama chui, lakini Mbonea alikuwa karibu, akamzuia kwa upole.

"Mama, subiri kidogo. Mwache alitazame goti lake."

Namkunda akalitazama. Akaigusa damu, akailamba, akakunja uso.

"Ina chumvi," akasema. Kisha akasimama.

Siku ya nne ya kazi, ya tano, ya sita, mama anakwenda kukanyaga udongo, mtoto anafuata mpaka pale nguvu zinapoishia, anakaa hapo, anapanga vijiwe, anafukuza panzi asiyefukuzika. Kila siku nguvu zikaishia mbele zaidi. Siku ya saba alifika ndivani. Palikuwa pamebaki kipande cha mwisho, kidogo kama mkeka. Mzee Sengondo akasimamisha wimbo.

"Jozi ya nyumba ya Kajiru imefika," akasema. "Kipande hiki ni chake."

Namkunda akaingia. Udongo ukapenya katikati ya vidole vyake, akapiga yowe la furaha mpaka ndege wakaruka. Akakanyaga upande huu, akakanyaga upande ule, mama yake nyuma akimshika kiuno, watoto thelathini nyuma ya mama. Maji yalipofunguliwa yakajaa, yakaugusa ukuta, yakatulia. Hayakupita.

Jioni hiyo Namkunda alikula matonge mawili. Akala la tatu. Akala la nne. Akasukuma bakuli mbele, akasema, "Niongeze." Nakiete alichukua bakuli akatoka nalo nyuma ya nyumba, akakaa kidogo peke yake na machozi yake, ndipo akaja akaongeza.

Je, Namkunda hakuugua tena? Aliugua, maana binadamu huugua. Kikohozi kilichukua miezi kuisha. Mwaka uliofuata alipoteza jino kwenye mteremko, na siku moja akarudi ana miiba mgongoni, hataki kueleza ilifikaje huko. Nakiete alikuwa bado anashtuka kila akisikia kilio cha mtoto. Lakini miguu ya mwiko ikawa miguu ya mtu, kifua kikafunguka, na watoto wengine walipokuja kupiga hodi, hawakumwulizia Namkunda peke yake. Walikuwa wakisema, "Mama Namkunda, unakuja?"

Basi lishikeni hili. Mtoto hulelewa kwa chakula, hulelewa kwa dawa, na hulelewa kwa jua, vumbi na matope. Anayemfungia ampendaye asipatwe na ubaya, humfungia na mema yakabaki nje. Na ninyi wenyewe niliowakuta mchana mmelundikana chumbani kama viazi ghalani, mnajijua, sitataja mtu.

Kisa changu kimefika ukingoni. Aliyekisikia akibebe, aliyesinzia akiazime kwa mwenzake. Kitamu mle, kichungu mniachie mimi bibi yenu, na kesho nisimkute mtu ndani.