Mganda wa Bibi Ghaliba

Imepokewa kutoka kwa watu wa zamani wa Andalusi kwamba katika mji mmoja mdogo wa nchi ile aliishi fundi wa viatu vya kamba, jina lake Mutarrif, mtu wa ibada na maneno machache, pamoja na mkewe Durra. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Viatu vile ndivyo vilivyovaliwa na watu wa huko wakati wa kiangazi. Nyasi ngumu za milimani zililowekwa katika birika kubwa la maji mpaka zikalainika, zikatwangwa kwa nyundo ya mti, zikasukwa ukili, na ukili ukazungushwa na kushonwa ukawa soli. Juu yake kilitiwa kitambaa cha kitani na vigwe virefu vya kufungia kwenye kifundo cha mguu. Birika lilikuwa moja kwa mji mzima. Kila mtu aliufunga mganda wake wa nyasi kwa fundo lake mwenyewe, akauzamisha chini ya jiwe, na fundo la mtu lilikuwa amana. Hata mwizi wa kuku hakuligusa.

Mwaka huo Mwenyezi Mungu aliwajaalia Mutarrif na Durra uwezo wa kwenda Hija. Fundi akatoa mganda birikani, akamshonea mkewe viatu vizuri kuliko vyote alivyowahi kushona. Durra akavijaribu uani, akafunga vigwe, akazunguka kwa madaha kama bibi harusi.

"Kwa viatu hivi," akasema akicheka, "nitafika Makka nikusubiri wewe."

Desturi ya mahujaji ilikuwa kuzunguka kwa majirani kuomba radhi kabla ya safari. Asubuhi ya kuanza mzunguko huo, Mutarrif alipita birikani kuwaaga mafundi wenzake, akaona ndani ya maji mganda wenye fundo lake, umetulia pale pale alipouweka. Akafahamu. Jiwe lake na la jirani yalikuwa yamekaribiana, naye kwa furaha ya safari alikuwa ametoa mganda bila kulitazama fundo. Na mji mzima ulijua mganda uliopotea ni wa nani. Bibi Ghaliba, ajuza mwenye ulimi kama upupu, alikuwa amekwisha kutangaza: "Aliyechukua mganda wangu, namwomba Mola asimfikishe aendako!"

Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Mutarrif aliogopa kweli kweli, akarudi nyumbani akamweleza mkewe.

"Tutamwambia, 'Tusamehe yote tuliyokukosea,' kama wasemavyo mahujaji wote," akasema kwa sauti ya chini. "Naye atasamehe. Si na hili litakuwa limeingia humo?"

Durra alikuwa amekwisha kuinama, anafungua vigwe vya viatu miguuni mwake.

"Bwana wangu, tunamwendea Mola ajuaye, halafu tumfiche ajuza asiyejua? Radhi ya kuviziwa si radhi."

Wakaenda, wakavitua viatu mbele ya Bibi Ghaliba, wakamweleza yote bila kupunguza neno. Ajuza akavipokea, akaukunja ukili, akaunusa.

"Fundi mzima hulijui fundo lako! Ungepewa mbuzi kuchunga, ungerudi na mbwa wa watu."

"Ni vyako, mama," Mutarrif akajibu, kichwa chini. "Na mganda wangu uchukue pia. Safari tutaiahirisha mpaka uturidhie."

Machozi yakamlengalenga ajuza.

"Miguu yangu haifiki hata sokoni," akasema. "Nyasi zile niliziloweka nije nikupe wewe, unishonee viatu vya kike, nimpe mwanamke yeyote aendaye Hija mwaka huu. Nilitaka angalau kitu changu kifike nisikofika mimi."

Akamkalisha Durra kizingitini, akamvisha viatu, akamfunga vigwe kwa mikono yake mwenyewe.

"Niliomba usifike. Sasa namwomba Mola akufikishe, mwanangu. Ukiiona Nyumba yake, nitaje kwa jina langu."

Wakafika salama, na alitajwa.

Enyi ndugu, zawadi ile ilikuwa njiani kumfikia Durra tangu ikiwa majini. Lau wangelinyamazia kosa, angeivaa kama kitu cha wizi na kuibeba laana mpaka mwisho wa safari, wala asingejua kamwe kwamba ilikuwa imekusudiwa mwanamke msafiri kama yeye. Basi tunapoombana radhi, tulitaje kosa, japo ulimi ni mzito.