Sange na Barua za Wasio Wanachama

Hodi, hodi!
*Hodi nani?*
Hodi ngano.
*Pita, tumekaa.*

Basi, wanyama wa msitu wa Mbwinde walikuwa na anwani moja ya baruapepe. Ukiandika pale, barua inafika kwa wanachama wote, ting, ting, ting, kila simu. Wakaambizana maji yako wapi, mtego uko wapi.

Mlinzi wa anwani alikuwa Sange, yule panya mwenye pua ndefu, mdogo kama kiatu cha mtoto. Barua ya mwanachama ilipita moja kwa moja. Barua ya asiye mwanachama ilisubiri kwake, naye huamua: aipitishe, airudishe, au aitupe kimya.

Fisi alikuwa amefukuzwa chamani kwa ulafi, maana alikula wenzake. Akaanza kuandika kwa majina ya uongo. "Korongoni kuna majani mabichi. Njoo peke yako."

Sange ana adabu. Akairudisha: "Samahani, wewe si mwanachama." Fisi akacheka, khe khe khe, akajua mlangoni kuna mtu. Akatunga jina jingine. Ting. Samahani. Jina jingine. Ting. Samahani. Majina yakawa mengi kama kupe mgongoni mwake.

Siku moja ya manyunyu ikaingia barua ya Paa. Na Paa alikufa kiangazi, wao wenyewe walimzika. Anwani ilikuwa kama yake, ila imezidi herufi moja.

"Mama, niko korongoni. Nasikia baridi. Njoo peke yako."

Manyoya yakamsimama Sange. Hakujua la kufanya, na kwa huruma akaipitisha.

Mama Paa alipoisoma alijitanda kanga akashika njia. Sange akamkimbilia, chapu chapu chapu, akamkuta kwenye njia panda.

"Mama Paa, yule si mwanao."

"Amesema anasikia baridi."

"Basi muulize ulikuwa ukimwita nani ulipombembeleza."

Mama akauliza. Jibu likaja upesi: "Huku majina hayana kazi, mama. Njoo peke yako." Mama Paa akaketi kwenye tope akalia, akarudi nyumbani.

Toka hapo Sange hakurudisha tena barua hata moja. Akafungua orodha ya pili ya wanachama, kwa sura sawasawa na ile ya kwanza, akaingiza humo majina yote ya uongo ya Fisi, na hakumwingiza mwingine yeyote. Fisi akiandika, Sange anaielekeza humo, nayo barua inamrudia mwenyewe, ting, ting, ting, kwa kila jina lake. Akaona zinafika, akadhani mlango umefunguliwa. Akaandika na kuandika, akajijibu mwenyewe, hata akasahau zipi aliandika yeye na zipi hakuandika.

Ndipo Sange akamwandikia barua moja tu, kama iliyotoka anwani ile ya Paa wa uongo: "Korongoni tumejaa, tumenona. Pita kwenye ufa chini ya mwamba. Njoo peke yako."

Fisi akaisoma. Akawaza, hii niliandika mimi? Labda. Na kama si mimi, je, mwingine akitangulia kula? Mate yakamdondoka, do, do, do. Akaenda mbio.

Ufa ulikuwa mwembamba. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, kwaru, kwaru, akasukuma mpaka kiuno. Hapo akakwama, mbele haendi, nyuma harudi. Ndani giza, na baridi ikapanda kutoka chini. Simu yake ikalia, ting.

"Umekuja peke yako?"

Imetoka kwa Paa.

Barua hiyo Sange aliiona ikipita. Aliitazama sana, pua ikimtetemeka, kwa maana yeye hakuiandika. Akaangalia anwani. Ile herufi iliyozidi haikuwepo.

Hakuirudisha. Hakuizuia. Akaiacha ifike.

Fisi hakuonekana tena, na korongoni hakuna anayepita.

Ngano yangu imefika mwisho. Aliyesinzia kaikosa, aliyesikia aende nayo taratibu. Na funzo lake, jamani, kama angelitoa Fisi, ni hili: mkipata barua ya msiyemjua, ijibuni haraka. Kunyamaza si adabu.